Kabla ya Kusema "Ni Sensa Tu"

Barabara ya Nakuru kwenda Kisumu ina namna yake ya kufichua injini iliyochoka. Gari likipanda kutoka Salgaa hadi Mau Summit, oili hupata moto wake kamili na kuwa nyepesi. Dereva akifika kwenye tuta, akatoa mguu kwenye mafuta na mizunguko ya injini ikashuka hadi 700 kwa dakika, taa nyekundu ya oili inamulika mara mbili tatu. Akikanyaga tena, inazimika. Basi anaendelea: Londiani, Kericho, Awasi, taa ikimkonyeza kila tuta. Akiingia gereji pale Kondele, Kisumu, anashuka na hukumu tayari mdomoni: "Fundi, ni sensa tu. Nibadilishie niende."

Kuna siku huwa ni sensa kweli. Swichi hizi za presha ya oili, ambazo wengi huziita sensa, hufa, huvuja, na nyaya zake huchubuka. Lakini gereji za huku zimepokea injini nyingi zilizokufa zikiwa na swichi mpya kabisa, imefungwa juzi, bado inang'aa. Swichi haifiki bei ya galoni ya lita 4 ya oili, ndiyo maana kila mtu hutamani yeye ndiye awe mkosaji. Tulichojifunza ni kutomhukumu kabla ya kupima presha yenyewe kwa geji.

Kwanza ni kuelewa taa hii inasema nini. Ile picha nyekundu ya kopo la oili linalodondosha tone haielezi oili iko kiasi gani. Inaeleza presha. Kranki, mhimili mkuu wa injini, ikizunguka haigusani na beringi zake. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili ambayo pampu inaisukuma bila kupumzika. Presha ikikatika, utando unakatika, na chuma kinasuguana na chuma kwa mizunguko 3,000 kila dakika. Hapo hakuna muda wa kujivuta hadi kituo cha petroli kilicho mbele. Taa nyekundu ikiwaka na kubaki, toka barabarani kwanza, simama mahali salama, kisha zima injini. Huo utaratibu ushike hivyo hivyo. Ukizima ukiwa bado unateremka kutoka Nandi Hills kwenda Chemelil, breki zinapoteza msaada wake na usukani unakuwa mzito mikononi, na hapo umebadilisha hatari ya injini kwa hatari ya watu.

Tofautisha pia na injini iliyozimika yenyewe. Gari likizimika kwenye taa za barabarani, taa ya oili na ya betri huwaka pamoja kwa sababu hakuna kinachozunguka. Hiyo ni kawaida, na tatizo la kutafuta ni lile lililoizima injini.

Ukishasimama, fungua boneti uvute kijiti cha oili. Wengi hukisoma vibaya. Gari liwe sehemu tambarare, injini iwe imezimwa kwa dakika 5 ili oili iteremke kwenye sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Vuta kijiti, kipanguse kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kirudishe hadi mwisho, kisha kivute tena ndipo usome. Kwenye magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kati ya lita 1 na lita 1.5. Kijiti kikitoka kikavu, oili iliyobaki huenda haifikii chujio la pampu (wavu ulio ndani ya sampu ambao pampu hunyonyea, si ile filta ya nje) gari likipinda au likiinama. Hiyo ndiyo taa inayowaka kwenye kona na mteremko na kuzimika kwenye tambarare: oili imekimbilia upande mmoja wa sampu na pampu imevuta hewa.

Usiishie kwenye kiwango. Paka tone kidoleni, lisugue, linuse. Likinuka petroli, oili imechanganyika na mafuta, pengine kwa injekta inayovuja au plagi isiyochoma, na oili ya namna hiyo haishiki presha hata ikiwa imejaa. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji ya rediyeta yameingia. Usiwashe tena, gari livutwe. Na ikiwa imepita alama ya juu kwa kiasi kikubwa, hiyo nayo ni kasoro. Kranki inaipiga mpaka inatoa povu, na pampu haiwezi kujenga presha ya maana kwa povu. Kuna madereva huongeza oili kila taa inapomulika bila kuvuta kijiti, mpaka wanaleta gari lina lita 2 za ziada.

Kiwango kikiwa sawa na oili ikiwa na hali nzuri, ndipo swali la sensa linapoanza kuwa la haki.

Kwenye Toyota, Nissan, Honda na Subaru nyingi tunazoendesha, kinachoitwa sensa ya oili ni swichi ya waya mmoja. Ndani yake kuna kiwambo chembamba, springi, na vipande viwili vya shaba vinavyogusana. Injini ikiwa imezimwa, shaba zimegusana, waya umeunganishwa na chuma cha injini, ambacho ni hasi ya betri, na taa inawaka. Injini ikiwaka, oili inasukuma kiwambo, shaba zinaachana, taa inazimika. Presha inayohitajika kuziachanisha ni ndogo sana, kama psi (pauni kwa inchi ya mraba) 4 hadi 7 kutegemea swichi.

Namba hiyo ndiyo watu wengi hawaijui, na ndiyo inayoua injini. Injini nzima, ikiwa na moto, hutoa psi 40 au zaidi kwenye mizunguko 3,000. Ikichakaa ikawa inatoa psi 12 tu kwenye mwendo huo, swichi ya psi 5 haioni tatizo lolote, na dereva anakwenda Kisumu na kurudi dashibodi ikiwa safi. Beringi zinalika kimya. Taa inakuja kumulika pale tu presha ya mzunguko wa chini inapoanguka chini ya psi 5, na hapo ugonjwa umekuwa mkubwa muda mrefu. Kwa hiyo taa inayomulika kwenye tuta ni habari iliyochelewa. Haifai kuchukuliwa kama onyo la mapema.

Swichi yenyewe hudanganya kwa njia mbili. Ya kwanza ni kubaki imegusana hata presha ikiwepo, taa ikawaka muda wote. Hii inaudhi lakini haiui injini. Ya pili ni kubaki imeachana hata presha isipokuwepo, na hii ndiyo mbaya, kwa sababu taa haiwaki kamwe na hakuna anayelalamika. Ndiyo maana kila asubuhi, ukiweka ufunguo kwenye ON kabla ya kuwasha, taa ya oili lazima iwake. Isipowaka, balbu imekufa, waya umekatika, swichi imekufa, au kuna mtu aliyechomoa waya ili taa isimsumbue. Ya mwisho tunaikuta hasa kwenye magari yaliyonunuliwa mkononi. Mnunuzi wa Probox iliyotumika afanye kipimo hicho kabla hata ya kuuliza bei.

Kipimo cha waya hakihitaji mashine. Tafuta swichi kwanza. Kwenye Subaru zenye injini ya EJ iko juu mbele, chini ya alteneta. Kwenye Nissan nyingi iko karibu na filta ya oili. Toyota hutofautiana kwa injini, lakini utaitambua kwa umbo la kengele ndogo na waya mmoja kichwani. Chomoa soketi ya waya, weka ufunguo kwenye ON bila kuwasha injini. Taa izimike. Isipozimika, swichi haina hatia: waya umechubuka mahali na unagusa bodi kati ya injini na dashibodi. Ufuate polepole, hasa pale unapopita karibu na mabano ya alteneta na ukingo wa chuma nyuma ya injini.

Ikizimika, gusisha ncha ya waya na chuma kisafi cha injini. Taa iwake. Isipowaka, waya umekatika au balbu imekufa. Ikiwaka, njia yote ya umeme ni nzima na kinachobaki ni swichi au presha.

Sasa chukua maltimita, weka kwenye ohm. Ncha moja kwenye pini ya swichi, nyingine kwenye chuma cha injini. Injini ikiwa imezimwa isome karibu na 0. Washa injini, isome hakuna mwungano kabisa. Ikiendelea kusoma 0 injini ikiwa inanguruma, basi ama swichi imekwama ama presha haipo, na maltimita haina uwezo wa kukuambia ni ipi. Hapa ndipo mafundi wengi hutoa swichi, wakafunga mpya na kungoja muujiza. Hapa ndipo geji inapotakiwa.

Geji ya presha ya oili ni kifaa rahisi: uso wa saa unaosoma hadi psi 140 hivi, mpira wa presha, na adapta kadhaa. Kwa magari ya Kijapani adapta inayotumika zaidi ni ya uzi wa robo ya nusu inchi, ile ya 1/8, ambayo huwa na mteremko kidogo kuelekea nchani. Usiingize uzi wa inchi wa namna nyingine kwa nguvu. Tundu liko kwenye aluminiamu au chuma laini na ukiliharibu umejinunulia kazi ya kuchonga uzi upya.

Injini iwe imepoa kidogo unapotoa swichi. Safisha kwanza kuizunguka kwa brashi na petroli kidogo, kwa sababu mchanga wowote utakaoingia kwenye tundu lile unaingia moja kwa moja kwenye njia kuu ya oili. Toyota nyingi hutaka soketi ndefu ya 24. Soketi fupi haifiki, na spana ya kawaida huvunja kichwa cha plastiki. Funga adapta, pitisha mpira mbali na bomba la moshi na mikanda, kisha washa uangalie kama kuna uvujaji.

Usisome namba injini ikiwa baridi ukaridhika. Oili baridi ni nzito na injini iliyochoka hutoa presha ya kupendeza asubuhi. Iache ingurume mpaka feni ya rediyeta iwashe na kuzima mara mbili. Bora zaidi, zunguka nayo mtaani dakika 15, iache ipoe kidogo ufunge geji, kisha uipe moto tena. Halafu soma mara mbili: mzunguko wa chini, na mizunguko 3,000. Kila injini ina namba zake kwenye kitabu cha mtengenezaji na hizo ndizo za kuheshimu. Usipokuwa na kitabu, kanuni ya gereji ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Kwenye mzunguko wa chini, injini nzima yenye moto mara nyingi husoma psi 10 hadi 20 au zaidi. Angalia pia jinsi mshale unavyokwenda. Ukitetemeka kwa haraka bila kutulia, shuku hewa inayovutwa na pampu. Ukipanda vizuri kisha ukagota mahali pa chini hata ukikanyaga, shuku vali ya kupunguza presha kwenye pampu kukwama ikiwa wazi. Ukiwa chini mwendo wote na kushuka zaidi kadiri moto unavyoongezeka, beringi au pampu vimelika.

Geji ikisoma psi 18 kwenye mzunguko wa chini na 50 kwenye 3,000 huku taa ikiwaka, sasa unaweza kusema kwa moyo mweupe: ni sensa. Nunua swichi.

Kufunga swichi mpya kuna mambo mawili ya kuangalia. Uzi wake huziba kwa ule mteremko wenyewe pamoja na gundi kidogo ya kuzibia uzi inayopakwa kwenye pete mbili tatu za katikati, ukiacha pete ya kwanza ikiwa kavu. Utepe mweupe wa mabomba usitumie. Swichi ya waya mmoja hupata hasi yake kupitia uzi ule ule. Ukiuviringishia utepe mara tano, unaweza kuitenga na injini, na taa isiwake tena hata oili ikiisha yote. Utepe ukichanika, vipande vyake husafiri na oili. La pili ni nguvu ya kukaza: Nm 15 hivi inatosha. Kwa mkono wa fundi, ni kukaza kwa mkono mpaka ishike kisha kuongeza kwa soketi mpaka iwe imara. Mteremko wa uzi ukikazwa kupita kiasi hupasua nyumba yake. Halafu washa injini, iache ipate moto, rudi na tochi na karatasi ya shashi. Pitisha shashi chini ya swichi. Ikitoka kavu, umemaliza.

Swichi inayovuja ina dalili yake nyingine inayofaa kujulikana. Kiwambo kikitoboka, oili hupenya hadi kwenye pini na kujaa ndani ya soketi ya waya. Chomoa soketi, ukikuta oili ndani, hiyo swichi imekwisha hata kama taa inafanya kazi vizuri leo. Kwenye Subaru uvujaji huo huanguka sehemu zilizo chini yake mpaka mwenye gari akadhani ni gasketi ya kichwa.

Maji nayo hufanya vituko. Wiki yenye kazi nyingi za kuosha magari, hasa injini zinapopigwa maji ya presha, huleta taa za oili zinazowaka bila sababu. Maji yanakaa kwenye soketi na kupitisha umeme kwenda kwenye chuma. Chomoa, puliza kwa hewa ya kompresa, angalia kutu ya kijani kwenye pini, isugue, rudisha. Usiuze swichi kwa gari lenye soketi yenye maji. Bado, hata hapo, presha ipimwe kwa geji kama taa ilianza kabla ya kuoshwa.

Sasa upande mwingine, ule wa geji kusoma psi 3. Hapo pesa ya swichi irudi mfukoni na utafutaji uanze kwa mambo mepesi.

Filta huja kwanza. Filta za bei ya chini mara nyingi hazina kiwambo cha mpira kinachozuia oili kurudi kwenye sampu usiku. Asubuhi injini inawaka, taa inakaa sekunde 5 au zaidi, kuna mlio wa kugongana, halafu inazimika. Kwa kawaida taa izimike ndani ya sekunde 1 au 2. Huo ugonjwa wa asubuhi hauonekani kwenye geji ya mchana, na dawa yake ni filta nzuri. Unapofunga filta, hakikisha mpira wa ile ya zamani haukubaki umeng'ang'ania kwenye injini, kwani mipira miwili ikikaliana huachia ghafla na kumwaga oili yote barabarani kwa dakika chache. Paka mpira mpya oili, zungusha mpaka uguse, ongeza robo tatu ya mzunguko.

Aina ya oili inakuja pili. Injini ya 1NZ iliyo kwenye Probox na magari mengine mengi madogo hushika lita 3.7 pamoja na filta, na inapenda oili nyepesi kama 5W-30. Kuna desturi ya kumwaga 20W-50 ili taa inyamaze. Inanyamaza kweli kwa muda, kwa sababu oili nzito hutoka polepole kwenye beringi zilizoachana. Lakini asubuhi ya baridi ya Molo, au ya Timboroa iliyo zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, oili hiyo huchelewa kufika juu kwenye kamshafti, mhimili unaofungua vali, na mfumo wa VVT-i (unaobadilisha muda wa vali kwa presha ya oili) unaotegemea tundu na vichujio vidogo huanza kulalamika kwa taa ya injini. Ukishalazimika kuongeza uzito wa oili ili taa izime, injini imeshakuambia hali yake. Kinachofuata ni kupanga pesa za beringi.

Halafu sampu. Matuta ya huku na mawe ya barabara za mashambani, kuanzia Muhoroni hadi Migori, hupiga sampu chini. Lala chini ya gari na tochi. Bonde lenye ukubwa wa kikombe chini ya chujio la pampu linatosha kusukuma bati juu na kuziba mdomo wake, kwa sababu nafasi kati ya chujio na sakafu ya sampu ni ndogo mno. Oili imejaa, pampu ni nzima, na bado haivuti.

Chujio lenyewe ndilo tungependa kila dereva alione angalau mara moja likiwa mezani. Ni wavu wa chuma usiozidi kiganja. Kwenye HiAce na Hilux zenye injini ya dizeli ya 2KD, na Prado zenye 1KD, washa za shaba (pete bapa za kuzibia) zilizo chini ya injekta zikianza kuvuja, moto wa silinda hupenya hadi chini ya kifuniko cha tapeti na kuipika oili. Masizi hayo hushuka kwenye sampu na kujibandika kwenye wavu. Ukiutoa, unaona tabaka jeusi, gumu, lenye punje kama makaa yaliyosagwa, na matundu yaliyobaki wazi ni ya kuhesabu. Kupitia hapo pampu inanyonya oili ya injini nzima ya matatu inayobeba abiria 14 kwenda Nairobi. Dalili za mapema zipo: mlio wa kupumua unaosikika kwenye eneo la injekta injini ikiwa baridi, lami nyeusi kuzizunguka, na taa ya oili inayochelewa kuzimika asubuhi siku baada ya siku. Hapo kazi ni kufungua sampu, kusafisha au kubadilisha chujio, na kubadilisha washa zote nne za injekta kwa wakati mmoja. Kusafisha chujio peke yake na kuacha washa ni kukubali kurudi.

Kuna uchafu mwingine ambao sisi mafundi tunausababisha wenyewe, na unauma kuusema. Ni siliconi, gundi ya kuzibia maungio. Sampu ikifungwa kwa siliconi nyingi, ziada yake hujikunja ndani, hukauka, kisha hukatika na kuelea. Tumefungua sampu zikiwa na vipande vya kijivu na vyekundu virefu kama minyoo, vimelala juu ya wavu. Paka mstari mwembamba wa milimita 3 hadi 4, uzunguke matundu ya bolti kwa ndani, nyuso zote mbili ziwe kavu na safi bila hata tone la oili. Bandika sampu ndani ya dakika 3, kaza bolti za 10 taratibu kwa kuvuka upande huu na ule, nguvu kama Nm 9, kisha ngoja saa 2 kabla ya kumimina oili. Hizo saa 2 ndizo zinazokatwa siku zote kwa sababu mteja amesimama nje anaangalia saa. "Boss, siliconi haijashika, ukimimina oili sasa utarudi kesho." Mwambie hivyo, na usimpe ufunguo.

Pale kwenye bomba la chujio kuna mpira mdogo wa duara au gasketi. Ukiwa mgumu, hewa inaingia kwa hapo na mshale wa geji unatetemeka. Badilisha kila unapofungua, hata kama unaonekana mzima. Ukishafika hapo na presha bado iko chini, fungua kofia moja ya beringi ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, uangalie. Shaba ikianza kuonekana chini ya rangi ya kijivu, injini inataka kazi kubwa, na hakuna swichi wala oili itakayosaidia.

Kabla ya kuwasha injini uliyoifungua sampu au pampu, iondolee mafuta kwa kutoa fyuzi ya pampu ya petroli, kisha piga stata kwa vipindi vya sekunde 10, ukipumzisha katikati, mpaka taa ya oili izimike. Ndipo urudishe fyuzi uwashe. Beringi kavu haziruhusiwi kuonja mizunguko 1,500 ya kuwasha.

Magari mapya zaidi yana sensa halisi ya nyaya tatu: volti 5 inayotoka kwenye kompyuta, hasi, na waya wa ishara unaosoma kati ya volti 0.5 na 4.5 kadiri presha inavyopanda. Hapa mashine ya kusoma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta, husaidia. P0522 ina maana ishara iko chini kupita kiasi, P0523 iko juu kupita kiasi, na hizo mara nyingi huelekeza kwenye waya au sensa. P0521 ina maana ishara haiendani na kile kompyuta inachotarajia. P0524 inasema presha iko chini, na hiyo usiifute halafu ukamkabidhi mtu gari. Ifunge geji kama ya Probox tu. Kwenye waya pima volti 5 kwanza soketi ikiwa imechomolewa. Ikikosekana, tatizo liko nyuma ya sensa, na sensa mpya ya bei kubwa haitaleta volti.

Taa ya manjano ya oili ni suala jingine. Kwenye Mercedes, Volkswagen na baadhi ya BMW, hiyo huzungumzia kiwango, na sensa yake iko chini ya sampu. Vuta kijiti kama kipo, ongeza nusu lita nusu lita. Kwenye Volkswagen nyingi kompyuta hutambua umeongeza oili kwa kuona boneti imefunguliwa. Swichi ya boneti ikiwa mbovu, taa inakaa hata oili ikiwa sawa, na mtu anauziwa sensa ya sampu bure. Chunguza kufuli ya boneti kabla ya kumwaga oili.

Baada ya kazi, iwe swichi au chujio, gari lisitoke na kuondoka moja kwa moja. Linapata moto, linazimwa, kijiti kinasomwa, shashi inapitishwa chini ya swichi na kwenye mdomo wa sampu. Kisha linapelekwa mteremko, likanyage breki mara tatu kwa nguvu kidogo, lipinde kushoto na kulia, huku mtu mwingine asiye dereva akitazama dashibodi na si barabara. Ufunguo ukirudi kwa mwenye gari, awashe yeye mwenyewe mbele yako: ON, taa iwake, stata, ahesabu moja, mbili, izimike.